The Ruling Class (1972): akihubiri upendo ni kichaa, akianza kuua kapona

Niseme mapema ili mtu asije kunilaumu. Hii muvi usiiweke sebuleni siku shemeji yako mlokole kaja kutembea, na usiiweke ukiwa na usingizi, maana ina dakika 154 na ndani yake kuna mtu anajiita Mungu, analala kasimama kwenye msalaba, alafu katikati ya maongezi ya maana watu wanaanza kuimba na kucheza bila taarifa. Ni ya Uingereza, mwaka 1972, dairekta Peter Medak, staa Peter O'Toole, mwandishi Peter Barnes (ndio, mapita watatu), imetoka kwenye tamthilia ya Barnes mwenyewe iliyochezwa kwanza kule Nottingham mwaka 1968. Mimi nimeifikia kwa njia ya ajabu kidogo, nilikuwa natafuta kitabu cha Gaetano Mosca, yule Mtaliano wa nadharia ya tabaka tawala, ambacho kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1939 kwa jina hilohilo The Ruling Class, nikatafuta kitabu ikaja muvi. Nimevimaliza vyote na kwa kweli muvi imenifundisha kitu ambacho kitabu kinakizungukazunguka tu.

Natoa stori yote, muvi ina zaidi ya miaka 50, asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Inaanza na mzee, Earl (cheo cha kilodi cha kurithi) wa 13 wa ukoo wa Gurney, yuko kwenye dhifa anaisifu Uingereza, wenzake wanamshangilia, anarudi zake kwenye jumba. Huyu mzee ni jaji, na ni wale majaji waliopenda sana kupeleka watu kwenye kitanzi. Sasa akiwa nyumbani ana starehe yake ya siri: mtumishi wake Tucker anamuandalia kitanzi cha hariri, mzee anavaa kisketi cha wacheza baleti, koti la jeshi, kofia ya kijenerali na upanga, anapanda kwenye kijingazi, anajining'iniza kidogo apate anachokipata, anarudisha miguu kwenye ngazi, kesho kazini kama kawaida. Siku hiyo kaipiga ngazi teke. Kwisha habari yake.

Nilicheka alafu nikanyamaza, maana inabidi ujue kidogo mambo yao. Uingereza walisimamisha hukumu ya kifo kwa kesi za mauaji mwaka 1965, wakaifuta moja kwa moja Desemba 1969, yaani tamthilia ilipoandikwa hii habari ilikuwa bado ya moto. Na kabla ya hapo bunge la chini lilishapiga kura kuiondoa mwaka 1948, bunge la juu, lile la malodi waliorithi viti, likakataa. Mwaka 1956 tena hivyohivyo, wa chini wamepitisha, malodi wamegoma. Kwa hiyo Barnes anaposema hawa watu wana mapenzi na kitanzi hatungi sana, kakichukua kilichokuwa kwenye kumbukumbu za bunge akakivalisha sketi.

Wosia unasomwa, familia yote imekaa imevaa nyeusi na mate yanawatoka. Tucker anaachiwa hela ya maana, anaanza kuimba palepale. Jumba na mashamba na cheo vyote vinaenda kwa mtoto, Jack, ambaye alikuwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Na Jack anaingia kavaa kanzu ya mtawa, anasema yeye ndiye Mungu wa upendo, anawaomba wote wapige magoti wasali. Uso wa baba yake mdogo, Sir Charles, hapo ndo utalipia hela ya bando lako.

Mama mmoja wa ukoo, Lady Claire, anamuuliza umejuaje kwamba wewe ni Mungu, anamjibu rahisi tu, nikimuomba Mungu nagundua naongea na mimi mwenyewe. Watu wengi wanaikumbuka muvi kwa hiyo mistari tu, na ni haki yake. Ila mimi sio hapo palinikaa. Jack wa mwanzo, huyu Mungu wa upendo, ni mpole, anakumbatia watu, anasema vyeo havina maana, hataki kuitwa lodi. Na ndugu zake wanamuogopa vibaya mno. Sio kwa sababu anajiita Mungu, hilo wangelificha, koo kubwa zina watu wa namna hiyo na wanafungiwa chumba cha juu maisha yanaendelea. Wanaogopa kwa sababu akisimama mbele ya watu aseme sote sawa, na yeye ndiye mwenye jumba, basi nani atabaki kuwa juu ya wenzake kwenye lile jumba.

Mpango wa Sir Charles ni wa kisheria kabisa na hapa ndipo mwandishi anaonyesha anawajua watu wake. Jack akitangazwa kichaa leo bila mtoto, shida. Kwa hiyo kwanza apate mke, azae mrithi wa kiume, alafu ndo arudishwe hospitali, mtoto abaki chini ya Sir Charles. Mke mwenyewe anayeletwa ni Grace, hawara wa huyohuyo Sir Charles. Na kwa sababu Jack anaamini keshaoa, mke wake ni yule mwanamke wa kwenye tamthilia ya Kifaransa ya maua ya kamelia, basi Grace anavalishwa kama yule mwanamke anaingia akiimba. Askofu Lampton anafungisha ndoa huku anatetemeka (Alastair Sim anacheza huyo askofu, mzee anatetemesha mpaka mashavu, anachekesha kuliko wote). Hakuna mtu hata mmoja pale anayesema jamani huyu mtu anaumwa, tumuache apone. Daktari peke yake, Herder, Mjerumani, ndo anataka kumponya, na yeye nae ana lake, anataka sifa.

Matibabu ni haya: analetwa kichaa mwingine, McKyle, Mskoti, nae anajiita Mungu ila Mungu wa umeme, Mungu wa hasira, anatoa cheche vidoleni. Wanafungiwa chumba kimoja usiku uleule Grace yuko juu anajifungua. Miungu wawili chumba kimoja. Ni sini ndefu na imezidi chumvi, kuna mpaka sokwe kavaa kofia ndefu ya kizungu anaingia anampiga Jack mieleka, ila ikiisha mtoto kazaliwa na Jack kakaa chini anasema taratibu, mimi ni Jack, mimi ni Jack. Familia inashangilia. Kapona!

Kapona kweli, ila Jack gani. Anakata nywele, anavaa nguo nyeusi za zamani, anaongea kwa kukata maneno, anapenda kuwinda, anapenda kitanzi, anachukia wanawake, na pole pole unaelewa kwamba sasa anaamini yeye ni Jack the Ripper, yule muuaji wa Whitechapel mwaka 1888 aliyechinja wanawake masikini na hakukamatwa mpaka leo. Na hapa kila mtu anaanza kumheshimu. Akina mama wa kijijini waliokuwa wanamkimbia sasa wanamuona bwana wa ukweli. Wakati anaongea mambo ya upendo walimuita daktari, anaongea mambo ya viboko na kunyonga wanasema huyu sasa ni mwenzetu. Hiyo ndo muvi nzima, vingine vyote ni mapambo.

Kuhusu 1888, hii haimo kwenye muvi, ni mimi tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo, huku polisi wa London wanahangaika Whitechapel, ndo malkia wao aliipa hati ile kampuni ya Mackinnon, Imperial British East Africa, kuja kutawala huku kwetu, ukanda wa pwani ambao Mackinnon alishaupata kwa makubaliano na Sultan Barghash mwaka 1887. Sasa ukimuona Jack kavaa koti lile la enzi ya Victoria anaongea habari za nidhamu na wenye nguvu kuwaponda wanyonge, msomaji wa Mombasa au Malindi haitaji kuelezwa sana anamuiga nani.

Sini niliyorudia kuangalia ni ya bwana Truscott. Huyu ni ofisa wa serikali, kazi yake ni kuamua nani ni mwendawazimu kisheria. Sir Charles kamuita ili Jack arudishwe hospitali sasa mrithi kapatikana, na Truscott kaja na sura ya kazi, maswali makavu, hacheki. Jack anababaika, anatamka hovyo, unaona kabisa anazama. Alafu katikati ya maswali inajulikana Jack kasoma Eton, ile shule ya watoto wa wakubwa. Truscott nae kasoma Eton! Basi tena, watu wazima wawili wanaanza kuimba ule wimbo wa shule wa kupiga makasia, na mwisho wa wimbo Jack ana akili timamu kwa mujibu wa serikali ya Uingereza.

Niliiangalia na baba mdogo, mstaafu, kafanya kazi serikalini miaka na miaka. Muda wote alikuwa anasinzia anaamka anauliza hawa wazungu wanaimba nini. Kwenye hiyo sini akakaa vizuri. Akasema, "Hapo sasa hawajadanganya."

Nikamuuliza, "Baba, ina maana na ninyi mlikuwa mnafanya hivyo?"

"Sisi hatukuwa tunaimba," akasema, akarudi kusinzia.

Sasa nije kwenye nadharia, maana bila hiyo hii ingekuwa muvi ya vituko tu. Mosca alizaliwa Palermo 1858, kitabu chake kikubwa kilitoka 1896, na hoja yake ukiivua makoti ni fupi: kila jamii, iwe na mfalme iwe na kura, kuna wachache wanaotawala na wengi wanaotawaliwa, na wachache wanashinda sio kwa sababu ni bora bali kwa sababu wamejipanga. Watu mia wanaoelewana watawashinda elfu wasioelewana, kwa sababu elfu watashughulikiwa mmojammoja. Alafu kuna kipande cha pili ambacho mimi nakiona ndo kitamu zaidi, kwamba tabaka tawala halitawali kwa rungu peke yake, lazima liwe na fomula, maelezo ya kwa nini wao ndo wawe juu. Mungu katuteua, au wananchi wametuchagua, au damu yetu, na Mosca anasisitiza kwamba fomula sio uongo mtupu wa kuwalaghai wajinga, watu wanaihitaji kweli, hata watawala wenyewe wanaiamini.

Hapo ndo Barnes anamshika pabaya. Fomula ya akina Gurney ni Mungu, kanisa limo, askofu yumo, kila dhifa ina sala. Vizuri. Anakuja mtu ndani ya ukoo anayeichukua ile fomula kwa maneno yake yote, upendo, usawa, wa mwisho atakuwa wa kwanza, na ukoo mzima unatetemeka. Kumbe fomula ni kwa ajili ya kusemwa. Ukiitenda wewe ni mgonjwa. Mosca hajaligusa hili kwa namna hii, au kama kaligusa basi mimi limenipita, maana kitabu kile kina kurasa nyingi za Wamisri na Waroma na Wachina mpaka unachoka.

Kipande cha tatu cha Mosca ni urithi. Anasema hata pale sheria haisemi kwamba madaraka yanarithiwa, matabaka tawala yote yana tabia ya kuelekea kwenye kurithisha, kwa sababu mtoto anakuta njia imeshafyekwa, jina, shule, watu wa kupiga simu. Na muvi inaishaje? Jack anamuua Grace, mkewe, baada ya kumuua Lady Claire, na sauti ya mtoto wao inasikika, mimi ni Jack. Baridi ilinipita.

Ila kabla ya hapo kuna bunge. Jack anaenda kukaa kiti chake bunge la juu, na anatoa hotuba ya moto ya kutaka viboko na kitanzi virudi, Mungu wa kisasi, mwenye nguvu amtawale mnyonge. Anavyowaona yeye, wale malodi kwenye viti ni maiti, mafuvu yana utando wa buibui, nguo za heshima juu ya mifupa. Na maiti wanampigia makofi. Hapa wengi wanasema Barnes katia nyundo sana na mimi nakubali katia nyundo, ila kuna kitu kilinijia kichwani. Mosca mwenyewe alikuwa mbunge, baadae seneta kwenye bunge la juu la Italia, na maisha yake yote aliuponda utawala wa bunge kwamba ni geresha ya wachache. Mwaka 1925 Mussolini anapeleka sheria ya kujipa madaraka makubwa kama mkuu wa serikali, na yule mzee mponda bunge ndo anasimama kwenye seneti kuipinga. Hotuba mbili kwenye mabunge mawili ya watu wasiochaguliwa. Ya kutunga inashangiliwa, ya kweli haikuzuia chochote, sheria ilipita. Unaweza kusema Mosca alijua kwa kuchelewa kwamba kuna tofauti kati ya wachache wanaobanwa na wachache wasiobanwa na kitu. Akina Gurney hiyo tofauti haiwasumbui.

Tucker sasa. Huyu mtumishi (Arthur Lowe, mwembamba wa maneno, mnene wa mwili, kila akionekana muvi inapanda) nilimuwekea matumaini nikaishia kukuna kichwa. Kapata hela za urithi, anaweza kuondoka kesho asubuhi. Na tunaambiwa kwa siri yeye ni mkomunisti, miaka yote anatema mate kwenye supu ya mabwana na kupanga mapinduzi. Haondoki. Anabaki kwenye lilelile jumba, sasa kalewa, anawatukana waziwazi, lakini sinia bado kalibeba yeye. Lady Claire anapouawa polisi wanahitaji mtu, na mtu yupo, mtumishi mwenye vitabu vya kikomunisti, wanamchukua. Ukweli haukuhitajika hapo.

Kuna ule ubishi maarufu wa wasomi wawili wa Kimarx, Miliband na Poulantzas, kuhusu serikali inamtumikia nani na kwa nini. Ralph Miliband alitoa kitabu mwaka 1969, akasema tizama nani wanakaa kwenye vyeo vya juu vya serikali, jeshi, mahakama, mabenki, ni watu wa familia zilezile na shule zilezile, kwa hiyo serikali inatumikia tabaka lao. Nicos Poulantzas akamjibu kwamba hata ukiwatoa wote ukaweka watoto wa wafagizi, mfumo utawafanya wafanye kazi ileile, kwa hiyo kuhesabu shule za watu ni kupoteza muda. Nikiangalia sini ya Truscott nampa Miliband pointi zote, Eton peke yake imetoa mawaziri wakuu 20 wa Uingereza, hiyo sio bahati. Nikimuangalia Tucker nampa Poulantzas. Jamaa ana hela, ana itikadi, ana hasira, na bado kiti chake ndani ya lile jumba kinamuamulia. Muvi haichagui upande na mimi hilo sikuliona kama udhaifu, ingawa rafiki yangu mmoja wa mambo ya siasa kali kaniambia Barnes kawadhalilisha wafanyakazi kwa kumfanya mwakilishi wao pekee awe mlevi. Ana hoja. Ukitoa Tucker, kwenye muvi nzima ya matabaka hakuna mtu wa chini mwenye sentensi za maana.

Na sisi Wabongo tusijione tuko nje ya hii mada, maana hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa ya moto miaka hiyohiyo. Issa Shivji akiwa bado kijana aliandika The Silent Class Struggle mwaka 1970, ikatoka kwenye Cheche, jarida la wanafunzi, na mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Baadae kwenye kitabu chake cha 1976 akaeleza kwamba baada ya uhuru na baada ya Azimio la Arusha lilikuwa linakua tabaka lisilo na mashamba wala viwanda vya kurithi, linatawala kwa kukalia ofisi za serikali na mashirika ya umma. Hilo tabaka huwezi kulicheka kwa kutumia akina Gurney. Halina jumba la miaka mia tatu, halina wimbo wa makasia, linavaa kaunda suti na kuongea lugha ya mfanyakazi na mkulima. Ukitaka muvi ya tabaka la namna hiyo nenda kwa Ousmane Sembène wa Senegal, Xala, 1975, wafanyabiashara wanawafukuza Wafaransa kwenye chemba ya biashara kwa vifijo, muda sio mrefu Mfaransa anarudi na mikoba imejaa noti, na bwana mkubwa anaoa mke wa tatu alafu usiku wa harusi mambo yanagoma. Fupi zaidi, kali zaidi, na kwa mtu wa huku nadhani ingetangulia hiyo.

Mabaya ya The Ruling Class yapo na sitayaficha. Ndefu. Kuna dakika kama arobaini pale kati, kuanzia harusi mpaka yule Mskoti wa umeme, ukienda kupika ugali na ukarudi hujapoteza kitu. Zile nyimbo za ghafla mara ya kwanza zinafurahisha, baadae unaanza kuzihesabu kwa hofu. Wanawake wameandikwa vibaya, Grace anaanza vizuri sana, mjanja, anajua anachotaka, anacheza dili lake na Sir Charles kwa macho makavu, alafu ghafla kampenda mume na kuanzia hapo kazi yake ni kusubiri kisu, na Lady Claire nae hivyohivyo. Carolyn Seymour na Coral Browne walistahili zaidi ya hapo. Daktari Herder nae anatumika kama mtu wa kuelezea mambo, akimaliza kuelezea anavunjika akili anatupwa.

Na kuna ubaya mwingine ambao ni mgumu zaidi, kwamba satira ya namna hii inaweza kuwafurahisha hata wanaosemwa. Ukimchora lodi kama chizi wa sketi na kitanzi, lodi wa kweli anacheka na wewe, anasema afadhali mimi sio hivyo. Wakati wale wa kweli walikuwa watu wa kawaida tu wa kuongea taratibu, walibaki kwenye viti vyao vya kurithi mpaka sheria ya mwaka 1999 ilipowatoa wengi, na hata hapo wakajadiliana vizuri wakabakiziwa viti 92. Kujipanga kule kwa Mosca huko ndo kwenyewe, na hakuchekeshi hata kidogo, na hakuna muvi nayoijua iliyokuonyesha.

Lakini O'Toole jamani. Kuna sehemu anageuka kutoka Jack wa upendo kwenda Jack wa kisu bila mekapu ya maana, ni mabega na sauti tu, yule wa kwanza mikono yake iko wazi muda wote, inaelea, yule wa pili mikono imebana mwili. Sauti ya kwanza inapanda na kushuka kama mtu anayeimba, ya pili inakata. Aliteuliwa kugombea Oscar kwa hii, mara yake ya tano, akashindwa na Marlon Brando wa The Godfather ambae hata kuipokea aligoma. Kateuliwa mara nane maisha yake yote na hakushinda hata moja ya ushindani, wakaja kumpa ya heshima mwaka 2003. Medak nae alizaliwa Budapest akakimbilia Uingereza baada ya 1956, na nadhani ndo maana kamera yake inawaangalia wale watu kwa mbali kidogo, haina woga wa vyeo vyao, inakaa kwenye meza ya chai muda mrefu mpaka wewe mwenyewe unaanza kuona aibu.

Kiufundi, picha za nje zimepigwa Harlaxton Manor kule Lincolnshire na ni nzuri, rangi za miaka ya 70 zile. Sauti ni shida kwa sikio letu, Kiingereza chao cha kipuani kinaenda mbio na utani mwingi uko kwenye maneno, kwa hiyo washa sabutaito hata kama umesoma intanasheno. Ukipata diski ya Criterion ina kipande ambacho O'Toole, Medak na Barnes wanaongelea muvi sini kwa sini, kaa nacho, ila baada ya kuiangalia kwanza bila wao. Mosca msome sura zile za mwanzo za tabaka tawala na fomula, Waroma waruke. Muvi naipa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeikata kwa ajili ya yule sokwe.